Mtu Aliyewafukuza Popo

Kisa hiki hakina jina la mtu kwa sababu si cha mtu mmoja. Boma lake ni la kubuni, lakini kila kilichomo kinafanana na yanayotokea magharibi mwa Kenya, mahali ambapo miti wanayolala popo hukatwa na wenye nayo hupongezwa kwa kuikata. Nitakiweka kwenye mwinuko wa Shinyalu, kaunti ya Kakamega, usio mbali na msitu. Yatakayofuata baada yake ni mambo yaliyotokea kweli.

Mwenye boma alirithi kwa babake ekari mbili za mahindi na maharagwe, pamoja na safu ya mikaratusi iliyopanda juu kuliko nyumba zote za jirani. Katika majira yao popo walifika kwa maelfu, wakaning'inia kwenye matawi ya juu hadi miti ikaonekana kama imezaa matunda meusi. Walikuwa wale popo wakubwa wala matunda, wenye rangi ya majani makavu mabegani. Jua likizama upande wa Mumias, walinyanyuka kundi kwa kundi wakatawanyika pande zote. Alfajiri walirejea, wakagombania nafasi za kulala kwa kelele iliyowaamsha watu kabla ya jogoo.

Kero zao zilikuwa za kweli, wala sitazipuuza. Mavi yao yalitapakaa juu ya mabati, na mvua ikinyesha yakaingia kwenye tangi la maji. Nguo zilizoanikwa zilianuliwa zikiwa na madoa. Harufu ilikuwa kali, hasa adhuhuri. Tena palikuwa na maneno ya watu: kwamba popo ni ndege wa wachawi, kwamba boma lenye popo halikosi msiba, kwamba ugonjwa fulani uliotangazwa redioni umeletwa na hao hao. Mwenye boma alivumilia mwaka mmoja, akavumilia wa pili, kisha akasema basi.

Mama yake mzazi, aliyelima mboga chini ya miti ile, alimzuia. "Mwanangu, hao ni wageni," alimwambia. "Huja na huondoka. Waache waondoke wenyewe."

"Mama, wageni gani wanaochafua maji ya kunywa?"

"Funika tangi, mwanangu. Mti ukishaanguka haufunikiki."

Hakusikia. Walikuja vijana na msumeno wa injini, na kufikia jioni safu yote ilikuwa chini. Magogo manyoofu yaliuzwa kuwa nguzo, yaliyobaki yakaenda kuwa kuni. Watoto wa popo, ambao walikuwa bado hawajaweza kuruka, walianguka na matawi na kufa pale pale. Wakubwa walizunguka hewani kwa usiku kadhaa wakitafuta miti isiyokuwepo, kisha wakatoweka. Majirani walikuja kumpa mkono mwenye boma. Alilala usingizi wa raha ambao alikuwa hajaupata kwa muda mrefu.

Hasara ya kwanza ilifika upesi, na haikufika kwake. Popo walihamia kwenye miti ya shule iliyo ng'ambo ya bonde, na sasa waliokuwa chini yao ni watoto wa watu mia kadhaa, wenye tabia ya kuokota kila kinachoanguka. Ya pili ilimfika mama yake. Kwa miaka mingi alikuwa amechota udongo mweusi chini ya mikaratusi, akauacha uoze pamoja na majani makavu, akaupeleka kwenye kunde, mrenda na managu. Misimu michache baadaye mboga zile zilianza kuwa na rangi ya manjano, na mwanawe akalazimika kununua mbolea ya gunia kwa ajili ya kipande cha ardhi ambacho hakikuwahi kuihitaji. Ya tatu ilionekana mpakani mwa shamba. Kila mvua ilipoanza, pale palikuwa pakichipuka miche ambayo hakuna aliyeipanda, ya mikuyu na mara moja moja ya mvule. Sasa palichipuka magugu matupu.

Hasara ya nne hakuiona, wala hataiona hadi anaingia kaburini. Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nisimulie kisa hiki. Ili ieleweke, lazima tutazame jinsi msitu unavyojilisha.

Msitu wa Kakamega ni masalio ya mwisho nchini Kenya ya msitu mkubwa wa mvua uliotanda kutoka Afrika ya Kati. Hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua nyingi kiasi hicho ni baraka kwa mmea, lakini pia huosha udongo. Naitrojeni huyeyuka na kuzama chini kusikofikiwa na mizizi, nayo fosforasi husombwa pamoja na chembe za udongo. Kwa hiyo katika misitu ya aina hii sehemu kubwa ya rutuba imo ndani ya vitu vyenye uhai: kwenye majani, kwenye mbao, kwenye miili ya wadudu na wanyama. Jani likianguka, mchwa, kuvu na bakteria hulishambulia mara moja, na mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi hunyonya kile kinachoachiliwa kabla mvua nyingine haijakichukua. Rutuba huzunguka haraka kutoka mwili hadi mwili, na usalama wake umo katika kuzunguka huko.

Hata hivyo mzunguko huo una mahali panapovuja. Maji hushuka, hayapandi. Mto Isiukhu hupita kando ya msitu na kumwaga maji yake kwenye Nzoia. Mto Yala nao hukata upande wa kusini. Na yote hayo mwisho wake ni Ziwa Victoria. Wakati wa masika, mtu akisimama darajani na kuona maji yamekuwa ya kahawia, anatazama rutuba ya Kakamega ikisafiri kwenda ziwani. Ni nani anayeweza kuirudisha rutuba juu, au walau kuieneza kutoka mahali ilipojaa kwenda mahali ilipopungua? Mti hautembei. Jiwe halitembei. Anayeweza kula bondeni na kwenda haja mlimani ni mnyama.

Hili limepimwa. Mwaka 2016, kundi la wanasayansi lililoongozwa na Christopher Doughty lilichapisha katika jarida la Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani makadirio ya uwezo wa wanyama kusambaza virutubisho duniani. Walikadiria kwamba uwezo wa wanyama wa nchi kavu wa kuvieneza virutubisho umeshuka hadi karibu asilimia 8 ya ulivyokuwa kabla wanyama wakubwa hawajaanza kutoweka. Mwili mkubwa hula sana, husafiri mbali na huacha samadi nyingi. Ukiondoka, kazi yake haichukuliwi na mwingine kirahisi.

Kakamega imeonja hali hiyo. Tembo walikuwepo katika msitu huu, na sasa hawapo. Nyati wamekwisha. Chui hajaonekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu wamejaa hadi ukingoni mwa miti: sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.8 katika kaunti hii, zaidi ya 600 kwa kila kilomita moja ya mraba. Msitu wenyewe umekatika vipande, na vipande kama Malava na Kisere vimebaki peke yao kaskazini vikiwa vimezungukwa na miwa na mahindi. Wakubwa walipoondoka, mzigo wao ulibaki kwa wadogo: kima, hondohondo, ndege wala matunda, na popo.

Katika hao wote, popo ana sifa moja inayomtofautisha. Kima hakubali kirahisi kuvuka shamba la wazi, kwa kuwa anajua kuna mbwa na kombeo. Ndege wengi wa msituni huepuka jua la mashambani, na wakipita hushusha mbegu pale wanapotua, chini ya mti mwingine. Popo huyu wa rangi ya majani makavu huenda kokote. Ana uzito wa robo kilo au zaidi kidogo, na mabawa yake yakikunjuliwa hufikia karibu robo tatu ya mita. Usiku mmoja anaweza kuruka makumi ya kilomita kutafuta matunda. Husaga tunda kwa meno, akafyonza maji yake na kumeza mbegu ndogo ndogo, na kwa kuwa chakula hakikai tumboni muda mrefu, huziachilia akiwa bado hewani. Zinaangukia mashamba yaliyoachwa, mapengo yaliyoungua na kingo za barabara. Kila mbegu hufika ikiwa na samadi yake.

Nchini Ghana, watafiti waliwafunga popo wa aina hii vifaa vidogo vya kufuatilia mienendo, wakapima pia muda ambao mbegu hukaa tumboni mwao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikadiria kwamba kundi la popo 152,000 la mjini Accra lingeweza kusambaza mbegu zaidi ya 300,000 katika usiku mmoja, na kwamba kundi kama hilo lingeweza kuanzisha upya msitu kwenye eneo la hekta 800. Utafiti mwingine wa huko huko ulionyesha kwamba mbegu inaweza kusafirishwa hadi kilomita 75. Kwa Kakamega, umbali huo unatosha kumtoa popo ukingoni mwa msitu na kumvusha mpaka wa Uganda.

Sasa fikiria mvule. Hakuna mzee wa magharibi asiyeujua mti huu, na hakuna fundi asiyeutamani. Mbao zake haziliwi na mchwa upesi, na milango na vitanda vyake hurithiwa. Tunda lake ni laini, limejaa mbegu ndogo mno, na popo ni miongoni mwa wasambazaji wake wakuu. Mti huu kukua hadi kukatwa mbao huchukua miaka mingi kuliko umri wa kazi wa mtu mmoja. Mwenye boma letu alipoangusha mikaratusi yake hakukata mvule hata mmoja. Alichokata ni njia ambayo mivule ya wajukuu wake ingefikia shamba lake. Hiyo ndiyo hasara ya nne. Haina siku ya kutokea, haina kilio, na atakayeipata hatajua nani alimsababishia.

Ushahidi kwamba mashamba yetu bado yanaweza kuamka upo karibu. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwenye mashamba yanayopakana na msitu wa Kakamega, ukichunguza mipera. Mpera si mti wa asili ya hapa. Uliletwa, na watu wengi huuona kama kichaka tu. Lakini watafiti waligundua kwamba matunda yake huwavuta wala matunda, na chini ya kivuli chake huchipuka miche ya miti ya msituni ambayo hakuna mkono wa mtu ulioipanda. Palipo na chakula na pa kutua, mnyama huleta msitu mwenyewe. Palipofyekwa kila kitu, haleti.

Tena kuna udongo wenyewe. Wakulima wa magharibi mwa Kenya wanaujua upungufu wa fosforasi na naitrojeni kwa majina mengine: mahindi yenye majani ya zambarau, mahindi ya manjano, na gugu la striga, ambalo wengi huliita kayongo, linalositawi pale udongo ulipochoka. Sitadai kwamba mavi ya popo yangetosheleza shamba la mahindi. Hayatoshi. Lakini chini ya mti wa popo hukusanyika virutubisho kutoka maelfu ya miti iliyotawanyika kilomita nyingi, vimebebwa bure, usiku, na kuwekwa mahali pamoja. Mkulima anayelipia kila gunia la mbolea hana sababu ya kuutupa mzigo kama huo.

Najua jibu litakalotolewa hapa. "Na magonjwa je?" Ni swali la haki, na linastahili jibu la kweli. Popo hubeba virusi. Katika popo hawa hawa wa rangi ya majani makavu, hapa Kenya, wanasayansi wamepata kirusi cha jamii ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo popo hashikwi kwa mkono mtupu, awe hai au amekufa, na hali nyama yake mtu anayejali afya yake. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kujihadhari na kuangamiza, na majirani zetu wa Uganda walijifunza tofauti hiyo kwa gharama ya maisha ya watu.

Katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, walikuwa wakiishi popo wa mapangoni wapatao 100,000, wa aina tofauti na hawa wa mikaratusi. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi huo waliugua homa ya Marburg. Baadaye watu waliamua kuwamaliza popo wote: waliwanasa kwa nyavu na kuziba njia za mgodi. Kwa muda ilionekana kwamba wameshinda. Lakini baadhi ya popo walirejea, na watafiti walipowapima mwishoni mwa 2012 waliwakuta wachache sana kuliko zamani, ila waliokuwa na maambukizi walikuwa asilimia 13.3, wakati kabla ya maangamizi walikuwa asilimia 5.1. Oktoba ya mwaka huo huo, katika mji wa Ibanda ulio kilomita 20 hivi kutoka mgodini, ulizuka mlipuko wa Marburg uliokuwa mkubwa kuliko wowote ambao Uganda ilikuwa imewahi kuupata. Maelezo ya watafiti ni kwamba popo wa zamani, ambao wengi wao walikuwa wameshajenga kinga, waliondolewa, na nafasi yao ikachukuliwa na wageni ambao miili yao haikukijua kirusi. Waliotaka kuuondoa ugonjwa waliuongezea nguvu.

Mwenye boma letu alifanya jambo la namna hiyo kwa kiwango kidogo. Popo waliokuwa juu ya nyumba moja aliwapeleka juu ya madarasa. Hakuna utafiti unaohitajika kuona kwamba hilo halikupunguza hatari ya mtu yeyote.

Funzo lingine linatoka kisiwa cha Mauritius, ambacho hadithi yake inapaswa kutuogopesha sisi wa Kakamega kwa jinsi inavyofanana na yetu. Kisiwa kile kilikuwa na ndege dodo na kobe wakubwa, wote wakila matunda na kusambaza mbegu. Dodo alikwisha, kobe wa asili wakaisha, na aliyebaki akiwa mla matunda mkubwa wa asili ni popo. Wakulima wa maembe na lichi walilalamika kwamba anawafilisi. Mwaka 2015 serikali ilibadilisha sheria na kuruhusu auawe, na katika zoezi la kwanza waliuawa popo zaidi ya 30,000. Zoezi lilirudiwa mwaka 2016 na tena 2018. Mavuno ya matunda hayakuongezeka kama ilivyoahidiwa. Kilichobadilika ni hadhi ya popo: mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili lilimhamisha kutoka kundi la walio hatarini na kumweka kati ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Wakati huo huo, wakulima waliofunika miti yao kwa nyavu walipata matunda yao. Dawa ilikuwepo, nayo ilikuwa rahisi kuliko risasi.

Popo hawezi kustahimili mauaji ya namna hiyo kwa sababu hazai kama panya. Jike wa popo hawa wakubwa huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Msumeno ukipita msimu wa kunyonyesha, kazi ya mwaka mzima ya kundi zima inakwisha kwa siku moja, na pengo hilo huchukua miaka kuzibwa.

Lakini funzo linaloishia kwenye hasara peke yake ni nusu ya funzo. Pwani yetu ya Waswahili ina kisa cha upande wa pili. Kisiwani Pemba kuna popo mkubwa ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Alikuwa akiwindwa kwa nyama, na misitu aliyolala ilikuwa imekatwa karibu yote. Katikati ya miaka ya 1990 waliobaki walikadiriwa kuwa elfu chache, na alihesabiwa kati ya wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Ndipo vijiji vikaanza kuunda vikundi vya kumlinda. Miti ya malalo haikukatwa, na wawindaji walikatazwa na watu wa kijiji wenyewe. Mahali kama Kidike watu walianza kupokea wageni wanaokuja kuwatazama, na kijiji kikapata kipato kutokana na miti iliyosimama. Hesabu iliyofanyika miaka kumi na zaidi baadaye ilipata zaidi ya popo 20,000, na hadhi ya mnyama yule ikashushwa kutoka hatari ya mwisho. Wapemba hawakuhitaji fedha nyingi wala mitambo. Walihitaji makubaliano, na wakayashika.

Kakamega ina msingi wa kufanya vivyo hivyo. Sehemu ya kaskazini ya msitu imelindwa kama hifadhi ya taifa tangu 1985, na katika Isecheno, upande wa kusini, vijana wa eneo hilo wamekuwa wakifundisha watoto wa shule juu ya msitu huu tangu katikati ya miaka ya 1990. Kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini, na kuna wazee wanaojua majina ya miti ambayo vijana wengi hawajaiona. Kinachopungua ni kuelewa kwamba msitu hauishii kwenye bango la mpaka. Miti ya kwako, ukiwa Khayega au Kabras, ni sehemu ya msitu pale popo wanapoitumia, kwa sababu kutoka hapo ndipo mbegu na samadi hutawanywa.

Kwa hiyo, kama popo wamekuja kwako, fanya hivi. Funika tangi, na maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaache yapite yasiingie. Hamisha kamba ya nguo na benchi la kukalia, uvipeleke mbali na matawi. Kataza watoto kuokota popo aliyeanguka. Na mtu akiumwa au akikwaruzwa, oshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Tunda lenye alama za meno litupwe, zima lioshwe. Maembe ya kuuza yafunikwe kwa nyavu au yavunwe kabla hayajaiva kabisa mtini. Ukitaka samadi yao, ziba mdomo na pua, vaa glavu, iloweshe kwanza ili vumbi lisiruke, kisha iache ioze pamoja na majani makavu kabla hujaipeleka shambani. Na kama mti ni lazima ukatwe kwa sababu unaielemea nyumba, subiri hadi popo wameondoka kwa majira yao, na upande mingine kwingine mapema.

Mwenye boma wa kisa hiki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kero halisi na akachagua jibu lililo karibu na mkono. Kosa lake lilikuwa kupima mnyama kwa kile anachokiacha juu ya mabati, bila kuuliza anachokiacha kwenye ardhi. Tembo wa Kakamega hatuwezi kuwarudisha kwa kutamani. Popo bado wanakuja wenyewe kila mwaka, bila kuitwa na bila kulipwa. Mti wanaolala usiukate, na jirani yako akitaka kuukata, mweleze haya kabla msumeno haujawashwa.